Mpwa wangu anatazama simu, mimi nasikiliza injini

Mshauri, pokea salamu zangu.

Mimi ni fundi magari hapa Morogoro, nina miaka 58. Kazi niliianza mwaka 1985 Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mwaka mzima wa kwanza sikushika spana. Niliosha nati kwa petroli kwenye sinia la bati, nikatumwa chai, nikakaa kimya. Ukimuuliza kitu, jibu lake lilikuwa moja: "Tazama." Nikatazama Peugeot 504, Datsun 120Y na Land Rover 109 mpaka nikawa naweza kufungua kabureta gizani. Mwaka wa tano akaniita, akanikabidhi boksi la spana, akasema sasa nenda katafute maisha. Sikupata cheti wala sikukihitaji.

Miaka minne iliyopita dada yangu alifariki, nikamchukua mwanawe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakumpeleka popote. Nikamwingiza gereji. Ni kijana mwepesi, halewi, mikono yake mizuri. Kila siku nampa shilingi elfu tano na chakula anakula nyumbani kwangu. Ugomvi wetu ni simu.

Mimi injini naisikiliza. Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini naugandamiza sikioni, na beringi iliyochoka nitaijua. Yeye amenunua kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinaongea na simu yake kwa Bluetooth, halafu anasoma namba. Elfu tano yangu yote inaishia kwenye bando la kutazama video za mafundi wa nje.

Mwezi wa tatu ililetwa Toyota IST. Inamisi, taa ya injini inawaka, mafuta inakunywa. Nikasema tushushe nozeli, zile zinazopulizia petroli, tuzisafishe. Mpwa wangu akachomeka kidude chake, akasema, "Mjomba, inaandika P0171, labda tusafishe kwanza sensa ya hewa." Mteja akacheka, akasema, "Mzee, naona siku hizi mwanafunzi ndiye mwalimu." Nikaamuru nozeli zishuke. Siku nzima ikaenda, taa ikabaki palepale. Kesho yake kijana akafungua sensa ya hewa, akaipulizia dawa, dakika kumi tu, gari ikatulia kama maji mtungini. Mteja akampa yeye hela mkononi.

Wiki tatu baadaye ikaja Toyota Raum, kidude kikaandika namba ileile. Safari hii nilikaa kimya nikamwacha. Akasafisha sensa, taa ikarudi. Akatazama video, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Mteja akanunua, laki moja na ishirini. Taa ikarudi. Jioni nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha taratibu kwenye mipira ya hewa. Ikasikika ssss. Ufa mdogo kama ukucha, upande wa chini usioonekana. Mpira wa elfu nane. Mteja aligomba na ilibidi nimrudishie nusu ya hela ya sensa kutoka mfukoni mwangu.

Siku hiyohiyo niliweka kopo tupu la rangi mlangoni mwa kontena: simu zote zinaingia humo asubuhi, mtazichukua saa kumi na moja. Kijana ametii. Ila tangu siku ile haongei. Ni "ndiyo mjomba" na "sawa mjomba" basi.

Sasa yamezidi mawili. La kwanza, kumbe huwa anajirekodi akifanya kazi na kuweka kwenye status ya WhatsApp, na wateja wangu watatu wamempigia yeye moja kwa moja. La pili, amekuja kuniomba wiki tatu akafanye mafunzo ya vitendo chuoni. Anasema kozi ya umeme wa magari ameisoma kwenye simu usiku, bado vitendo tu apate cheti. Anataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo, na ada imepungua laki moja, ananitazama mimi.

Nikimkatalia, marehemu dada yangu atanionaje? Nikimruhusu, atarudi na cheti, atafungua gereji yake barabara hiihii na wateja wangu anao kwenye simu. Mama watoto ananiuliza, "Wewe unagombana na simu au na mtoto wa dada yako?" Sijamjibu.

Jambo la mwisho, na ndilo lililofanya nikuandikie wewe nisiwaambie wazee wenzangu. Binti yangu alininunulia simu kubwa mwaka jana. Usiku wote wakilala, huwa natafuta video za gari hizi za haibridi, za petroli na umeme pamoja, maana zinaletwa na mimi nazikimbia, namwambia mteja spea zake hazipo. Nimetazama kama kumi. Wanaongea Kiingereza na Kihindi, haraka haraka. Naona mikono yao lakini sishiki kitu. Nazima nalala. Je, mimi nimepitwa?

Fundi, Morogoro


MAJIBU

Shikamoo mzee wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilianzia mwisho. Umeniletea shauri la simu ya mpwa wako, lakini ndani yake kuna kozi inayotaka jibu kabla ya Ijumaa, kuna wateja watatu, kuna dada uliyemzika, na kuna wewe peke yako usiku na simu mkononi. Ukiyajibu yote kwa neno moja, ndiyo au hapana, kuna lililo la msingi utalikosa. Kwa hiyo nivumilie twende moja moja.

Naomba turudi kwenye ile IST. Umeniandikia maneno ya kijana kama alivyoyasema, na ninakushukuru, maana wengi huniandikia tu kwamba "alinidharau". Alisema "labda". Alisema "tusafishe", yaani wewe na yeye. Alisema "kwanza", na nozeli hakuzikataa. Aliyecheka ni mteja. Sisemi hukuumia, mtu mwenye karibu miaka 40 ya kazi akichekwa mbele ya mwanafunzi wake lazima aumie. Ninauliza tu kama hasira yako kwa yule mteja haikuishia kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi. Na ile hela aliyopewa mkononi, hukuniambia aliifanya nini. Aliileta kwako au aliiweka mfukoni? Jibu unalo wewe, na nadhani lina uzito kuliko simu.

Mimi si fundi. Mama yangu alikuwa na cherehani na huko ndiko ujuzi wangu wa mashine unakoishia. Basi nilimpigia fundi mmoja ninayemwamini, nikamuuliza P0171 ni nini. Alinieleza hivi: kompyuta ya gari imeona hewa ni nyingi kuliko petroli inayokwenda nayo. Sababu yake haijui. Inaweza kuwa sensa ya hewa iliyochafuka ikawa inadanganya, mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi, pampu ya mafuta iliyochoka, au hata nozeli zilizoziba, kwa hiyo hata wewe siku ile hukubuni kitu hewani. Akacheka akasema makosa ya kijana kwenye Raum huyaona kila wiki: mtu anasoma namba, ananunua sensa.

Ukiyaweka magari mawili pamoja, simwoni mshindi. Namba ni ileile, ugonjwa mwingine. Kwenye IST kidude kingekuokolea siku nzima, ila hukukitaka. Kwenye Raum sikio lako lilipata kitu ambacho video isingeweza kukipata, kwa sababu aliyeirekodi hakuwa na gari lile mbele yake. Hapo nina swali ambalo barua yako imelinyamazia. Ulipousikia ule ufa, kijana alikuwa wapi? Ulimpa ule mpira naye aweke sikioni? Au uliurudisha kwenye kontena, ukaenda kutafuta kopo la rangi?

Kopo lenyewe silipingi. Mtu akiwa chini ya gari lililo juu ya jeki, au injini inazunguka na mikono iko karibu na mkanda, simu haina kazi pale, na fundi anayepekua simu mbele ya mteja anampa mteja sababu ya kuondoka. Ungeyasema hayo, mwanafunzi yeyote angeelewa. Ila kopo liliwekwa siku aliyokosea yeye na kupatia wewe. Mtoto yatima anayeishi kwa mjomba husoma alama kama hizo haraka, hata kama mjomba hakukusudia. Ile "ndiyo mjomba" unayoisikia sasa huenda ni hofu, huenda ni kununa, huenda ni aibu ya ile laki moja na ishirini, kama alijua umelipa nusu yake. Kwa mbali siwezi kujua.

Ukiliacha kopo kama lilivyo, gereji itakuwa na utulivu na neno lako litabaki neno. Lakini ataendelea kujifunza usiku, peke yake, na makosa atakayoyameza huko hutayaona mpaka yatokee kwenye gari la mtu. Ukiliondoa kabisa, kuna siku utamkuta anatazama mpira wa miguu. Kuna mafundi waliotafuta njia ya katikati: injini ikizimwa, namba inasomwa kwa sauti, kila mmoja anataja anachodhani, halafu ndipo vinashikwa vifaa, na hakuna spea inayonunuliwa kabla mzee hajasikiliza. Nayo ina gharama. Itabidi kuna siku useme mbele ya mteja, "Kijana amepatia." Wewe ndiye unayejua kama sentensi hiyo inaweza kutoka.

Kuhusu kozi, nianze na kukutoa wasiwasi mmoja. Kusoma ufundi kwenye simu si utapeli kwa sababu tu ni kwenye simu. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na Airtel Tanzania walianzisha VSOMO: nadharia unaisoma kwenye simu, halafu unakwenda chuoni kwa vitendo ndipo upate cheti, na kati ya kozi zake ulikuwemo ufundi wa pikipiki na umeme wa majumbani. Ona walipoweka mpaka. Hata wao hawakumwamini mtu aliyesoma kwenye kioo mpaka waone mikono yake. Mwalimu wako wa Gerezani angekubaliana nao.

Lakini sijui kozi ya mpwa wako ni ya nani, na hukuitaja. Wapo watu wanaouza vyeti vya hewa kwa vijana wenye haraka. Kabla ya hiyo laki moja kutoka, mmoja wenu afike ofisi ya VETA hapo hapo Morogoro, aulize: kozi hii inatambulika? Cheti anakitoa nani? Vitendo vinafanyika wapi, na kwa siku ngapi? Ikiwezekana nendeni wawili. Mkirudi na jibu baya, angalau mmelisikia pamoja na hutakuwa wewe uliyekataa.

Tuseme kozi ni halali. Hofu yako kwamba atarudi na kuondoka nisiichukulie kama wivu wa mzee. Ni hofu ya mtu mwenye familia. Inaweza kutokea. Inaweza pia kutokea usipomruhusu, tena kwa ugomvi. Kinachonifanya nisimame hapa ni hesabu ya miaka. Wewe mwaka wa tano uliitwa ukakabidhiwa boksi la spana. Yeye yuko mwaka wa nne na bado anapokea elfu tano, na katika barua yako sikuona mahali ulipomwambia safari yake inaishia wapi. Anajua? Gereji zetu nyingi hazina siku ya kufuzu. Mwanafunzi anabaki mwanafunzi mpaka agombane na mwenye gereji, na hapo ndipo anapokwenda kufungua yake barabara ileile. Cheti cha chuo, kwa kijana ambaye kidato cha nne kilimtupa nje, pengine ni namna ya kupata mtu wa kumwambia kwamba amefika.

Unaweza kumpa wiki tatu na kuchangia hiyo laki, kwa makubaliano kwamba akirudi atakaa muda fulani kwa malipo mapya yanayohesabiwa kwa kazi. Makubaliano ya ndugu huvunjika, tunajua, ila yakiandikwa na mama watoto akawa shahidi huvunjika kwa taabu kidogo. Unaweza kumpa ruhusa bila fedha, akatafute mwenyewe. Atajifunza thamani yake, au atakopa pabaya. Unaweza kumwambia asubiri msimu ujao kwa sababu kazi ni nyingi, mradi iwe kweli na tarehe itajwe. Vijana wameshachoka na "baadaye" isiyo na tarehe.

Wale wateja watatu ni shauri jingine, na hapa niko upande wako zaidi kuliko ulivyotarajia. Mteja aliyekuja kwa jina lako, akatengenezewa kwa vifaa vyako chini ya mwavuli wako, si wa kuchukuliwa kimyakimya. Lakini hebu muulize kwanza kama aliwafuata au walimfuata. Mtu akiona video ya gari lake likitengenezwa, atampigia aliyeiweka, kwa sababu namba iliyo pale ni hiyo tu. Zipo gereji zilizoamua kwamba picha zote ziwekwe kwa namba ya gereji, jina la mzee likiwa juu, na namba za magari ya watu zifichwe. Hapo simu ileile inaleta wateja mlangoni kwako. Hatari yake ni kwamba uso utakaozoeleka ni wa kijana, na hilo hakuna namba ya simu itakayolizuia.

Sasa tuje usiku.

Mzee wangu, umeniuliza kama umepitwa. Umetazama video kumi za haibridi, kwa lugha mbili usizozitumia, za watu wanaoongea haraka, baada ya siku nzima ya kuinama, na unajilaumu kwamba hukushika kitu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa tableti wajifunze kusoma, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Programu zilizoshindana ziliandaliwa kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto hatajifunza kusoma kwa lugha asiyoijua. Kwa mtu mzima, eti, tunadhani inawezekana. Kwenye YouTube kuna mahali pa kuwasha maandishi ya chini na kuyageuza yawe ya Kiswahili. Tafsiri yake ina vituko, "brake" inaweza kugeuka "mapumziko", lakini ukiunganisha na mikono yao unayoiona utaokota kitu. Na kwa haibridi nakuomba jambo moja kwa ukali kidogo: betri yake kubwa ina umeme wa kuua. Usiifungue kwa kufuata video, hata iwe kwa Kiswahili sanifu.

VETA hiyohiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini kama wewe. Hufundishwi upya kutoka sifuri. Unapimwa kwa unachokijua tayari, kwa vitendo na kwa maswali. Huenda usiutake. Uliandika kwamba cheti hukukipata wala hukukihitaji. Mimi nimeona tu kwamba uliliandika hilo kwenye aya ya kwanza ya barua inayohusu cheti cha mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo wewe na kijana mnafanya kila mmoja kwa siri, saa zilezile za usiku, pengine ukuta mmoja tu katikati. Yeye ana lugha na namba, hana sikio. Wewe una sikio. Sikuambii umwambie. Ukimwambia, atajua kwamba mjomba wake naye anatafuta, na sijui kama atakuheshimu zaidi au atalegea. Namna ulivyomweleza, natazamia la kwanza, lakini wewe ndiye unayeishi naye. Usipomwambia yeye, mwambie angalau binti yako. Yeye ndiye aliyenunua simu, na anaweza kukuwashia hayo maandishi bila kuuliza unatazama nini.

Kabla ya Ijumaa itabidi mkae. Naomba isiwe gereji mbele ya wenzake, wala mezani mbele ya watoto. Pengine jioni mkifunga kontena, simu zikiwa zimeshatoka kwenye kopo. Ukianza kwa kumuuliza kozi ile ilimfundisha nini, kabla ya kumuuliza kwa nini anataka kukuacha, atakuwa na kitu cha kukujibu zaidi ya "sawa mjomba". Jiandae kusikia kitu kitakachokuuma, labda kuhusu ile elfu tano, labda kuhusu mama yake.

Niandikie yatakayokuwa. Na nisalimie mama watoto. Swali lake nimelizungukia ukurasa mzima na bado linakusubiri wewe.